Tuwaulize Watoto "Umefika Wapi?" Kabla Muhula Haujaisha



Ndugu zetu Waislamu, mwishoni mwa muhula mmoja, baada ya sala ya Alasiri, ndugu yetu mmoja wa jamaa ya msikiti wetu alitujia akiwa ameshika karatasi ya ripoti ya mwanawe wa darasa la tatu. Uso wake ulionyesha hasira na aibu kwa pamoja. Mtoto alikuwa ameshika nafasi ya karibu na mwisho katika darasa lenye watoto zaidi ya mia moja. Ndugu yetu alituomba tufuatane naye shuleni kesho yake ili tukamwambie mwalimu kwamba hafanyi kazi yake. Tulimjibu kuwa tutakwenda inshallah, lakini kwanza aturuhusu tukae kidogo na mtoto mwenyewe.

Tulimwomba mtoto atusomee sura alizohifadhi. Akaanza na Suratul-Fatiha, akaenda Suratun-Nas, akapanda sura moja baada ya nyingine mpaka Suratul-Adiyat, bila kukwama, na kwa matamshi mazuri. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu na tukampongeza mtoto. Kisha tukamwonyesha tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa msikiti, lenye maneno matatu tu: Tafadhali zima simu. Mtoto alilitazama, akamtazama baba yake, akainamisha kichwa. Alitamka "ta", akasita kwa muda mrefu, halafu akakisia: "Tangazo." Baba yake alinyamaza.

Hakika tukio lile lilitusikitisha sote tuliokuwapo, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mtoto yule si mjinga. Akili iliyoweza kuhifadhi sura kumi na sita za Kitabu kitukufu katika lugha ambayo si ya mama yake haishindwi na maneno matatu ya Kiswahili. Basi kuna jambo lililopungua, na tulitaka kulijua.

Daftari ni shahidi

Tulimwomba mtoto alete madaftari yake. Kila kazi ya darasani huandikiwa tarehe juu yake, na kwa hiyo daftari la mtoto wa shule ya msingi ni shahidi asiyepokea rushwa. Tulianza kusoma zile tarehe moja baada ya nyingine. Kazi ya kwanza ya muhula iliandikwa wiki ya tatu tangu shule kufunguliwa. Baba akakumbuka kuwa sare ilikuwa haijashonwa. Mbele kidogo tarehe ziliruka siku kumi na mbili. Akakumbuka kuwa kulikuwa na harusi kwa ndugu wa mama yake, na mtoto alikwenda na wakubwa. Tukakuta tena kwamba karibu kila wiki siku ya gulio haina kazi yoyote. Baba akatueleza kwa sauti ya chini kwamba siku hiyo mama huenda kuuza, na mtoto hubaki nyumbani kumwangalia mdogo wake.

Haki ni haki. Daftari lile lilimshuhudia mwalimu pia. Zilikuwapo kurasa nyingi ambazo hazikusahihishwa, na zilikuwapo kazi zenye makosa ya wazi zilizotiwa alama ya vema. Hatutaki kuficha hilo, na tutalirudia mbele. Lakini kabla ya kwenda kumlaumu mwalimu, baba alikwisha kuona kwa macho yake kuwa sehemu kubwa ya muhula mwanawe hakuwamo darasani, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua daftari lile hata mara moja tangu shule zilipofunguliwa.

Muhula ni nini?

Wengi wetu tunauona muhula kama kipindi cha kusubiri. Shule zinafunguliwa, watoto wanaondoka nyumbani asubuhi, na baada ya miezi mitano au sita inakuja karatasi. Yanayotendeka katikati hatuyajui. Hebu tuyatazame, kwani asiyejua kinachojengwa hawezi kujua kilichobomoka.

Hapa kwetu Tanzania mwaka wa shule una mihula miwili, na siku za masomo ni 194 kwa mwaka, yaani kiasi cha siku 97 kwa kila muhula. Kipindi kimoja ni dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, na dakika 40 kwa madarasa ya juu yake. Katika mageuzi ya mtaala yaliyofanywa mwaka 2015 kwa madarasa hayo mawili ya mwanzo, iliamuliwa kuwa asilimia 80 ya muda wa masomo itumike kwa mambo matatu, nayo ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambayo walimu huyaita KKK. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeongeza mengine, lakini haukuiondoa misingi hiyo.

Sasa tumchukue mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwezi wa Januari. Wiki za mwanzo hafundishwi kusoma maneno. Anazoeshwa kukaa, kusikiliza, kushika penseli, kuchora mistari iliyosimama, iliyolala na ya duara, kwa sababu herufi zote zimetokana na mistari hiyo. Anafundishwa kuzitambua sauti kwa sikio kabla ya kuziona kwa jicho. Kisha zinaingia irabu tano: a, e, i, o, u. Baada yake konsonanti huletwa chache chache na kuunganishwa na irabu, ma, me, mi, mo, mu, kisha ba, be, bi, bo, bu. Hapo mtoto anaweza kusoma neno "mama" na neno "baba", na furaha yake siku hiyo haina kifani. Kutoka hapo huenda kwenye maneno ya silabi tatu na nne, kisha sentensi fupi, na mwisho huja sauti ngumu ambazo herufi zake hushikamana, kama zile zilizomo katika mbwa, ng'ombe, nyumba na kwanza.

Kuhesabu nako kuna ngazi zake. Mtoto huanza na vitu, si na tarakimu. Ndiyo maana mwalimu huagiza vijiti, vizibo vya soda, mbegu au vijiwe, na baadhi yetu hukasirika tukidhani ni mchezo. Mtoto akishaona kwamba vijiti vinne ni vinne hata vikipangwa vipi, ndipo hupewa tarakimu 4. Baadaye hufunga vijiti kumi kwa uzi, akaona kuwa fungu moja na vijiti vitatu ni kumi na tatu. Fungu lile lililofungwa kwa uzi ndilo msingi wa hesabu zote za kubeba na kukopa atakazozikuta miaka ya mbele. Mtoto ambaye hakuwapo wiki ya mafungu atakariri kuwa 13 huandikwa moja na tatu, lakini hatajua ile moja ni nini. Miaka mitatu baadaye tutasema ana kichwa kigumu.

Yapo na mambo mengine ambayo sisi huyadharau. Gwaride la asubuhi, ukaguzi wa kucha na sare, nyimbo, kufagia uwanja, bustani ya shule na michezo si kupoteza muda. Mtoto mdogo akiimba wimbo wa siku za wiki anapanga mambo kichwani mwake. Akiruka kamba huku wenzake wanahesabu, anahesabu bila kuona uzito. Akipewa kiriba cha mche wake bustanini akaambiwa aumwagilie, anajifunza kuwa kazi ya leo ikiachwa haifidiwi kwa kumwagilia maradufu kesho. Kama angekuwa na darasa moja tu la kulijua katika maisha yake, hilo lingemtosha.

Ndugu zetu, katika ngazi zote hizi hakuna iliyo juu ya hewa. Kila wiki imesimama juu ya mabega ya wiki iliyotangulia. Mwalimu mwenye watoto mia hawezi kuisimamisha safari nzima ili amrudie mmoja aliyekosa "ma, me, mi, mo, mu" kwa sababu ya harusi. Safari inaendelea, na mtoto yule anabaki nyuma akiwa amekaa katikati ya wenzake. Anainua kichwa wanapoinua, anaitikia kwa pamoja wanapoitikia, ananakili ubaoni wanaponakili. Hapigi kelele, wala hasumbui, na kwa hiyo hakuna anayemwona mpaka karatasi ya mwisho wa muhula itoke.

Siku moja kwa wiki

Baadhi yetu husema, "Siku moja tu kwa wiki, itadhuru nini?" Tufanye hesabu pamoja. Siku 97 za muhula ni sawa na wiki kumi na tisa na zaidi kidogo. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki amekosa siku zipatazo 19 katika muhula, yaani karibu wiki nne kamili za masomo. Chini ya utaratibu mpya, watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2024 watasoma elimu ya msingi kwa miaka sita badala ya saba, ambayo ni mihula kumi na miwili. Mtoto huyo wa siku moja kwa wiki atakuwa amepoteza zaidi ya siku 230 kufikia mwisho. Mwaka mzima wa shule ni siku 194. Basi tumemnyang'anya mtoto wetu zaidi ya mwaka mmoja wa elimu, na tumefanya hivyo kidogo kidogo, bila kugombana na mtu wala kutoa tangazo.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya mtoto mmoja. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2011, uliofanywa kwa kuwatembelea watoto majumbani mwao, ulionyesha kuwa kati ya watoto kumi wa darasa la tatu hapa Tanzania, ni watatu hivi tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mageuzi ya mwaka 2015 yalikuja kwa sababu nchi nzima ilishtushwa na hali kama hiyo. Michango ya lazima katika shule za msingi za umma iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi mno. Mlango umefunguliwa, alhamdulillah. Lakini mtoto kupita mlangoni na mtoto kujifunza ni mambo mawili mbalimbali.

Mateka wa Badri na watoto kumi

Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili, kwani historia yetu inatuhukumu. Amri ya kwanza kumshukia Mtume Muhammad (s.a.w.) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma, na aliyeteremshiwa alikuwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka wa pili wa Hijra, sawa na mwaka 624, baada ya vita vya Badri, Waislamu walikuwa na mateka wa Makka mikononi mwao. Madina ilikuwa na dhiki kubwa, na fedha za fidia zilihitajika sana. Pamoja na hayo, wale mateka wasiokuwa na mali lakini waliojua kuandika, Mtume (s.a.w.) aliwawekea fidia ya namna nyingine: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika, na wakishajua vizuri, yeye yu huru.

Tuzingatie mambo matatu katika kisa hicho. Kwanza, walimu wale hawakuwa Waislamu. Walikuwa maadui waliotoka vitani siku chache tu kabla, na Mtume (s.a.w.) hakuona kuwa hilo linaiharibu herufi. Wako wazee wetu waliozikwepa shule zamani kwa kuwa nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na hofu yao ilikuwa na sababu zake kwa wakati ule. Lakini tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule hizo zilizokuwa zikisaidiwa na serikali zilitiwa chini ya serikali yenyewe, na katika shule za umma kuna kipindi cha dini ambacho sisi wenyewe tunaruhusiwa kupeleka mwalimu. Udhuru wa wazee hautufai sisi.

Pili, mateka hakuachiwa kwa kuhudhuria. Aliachiwa pale watoto walipojua. Kipimo hakikuwa siku wala karatasi. Kilikuwa ni je, mtoto anasoma?

Tatu, watoto walikuwa kumi. Hawakuwa mia moja. Mtu mmoja na watoto kumi anamjua kila mmoja amefika wapi. Wanahistoria wamepokea kuwa miongoni mwa vijana waliojifunza kuandika kwa mateka hao alikuwamo Zaid bin Thabit, kijana wa Madina ambaye baadaye akawa mwandishi wa wahyi, na ndiye aliyekabidhiwa na Sayyidna Abubakar (r.a.) kazi ya kuikusanya Qur'ani pahala pamoja. Laiti mzazi au mlezi wake angesema siku moja kwa wiki haidhuru!

Tunajua kuuliza, ila hatuulizi

Jambo linalotushangaza ni kwamba sisi wenyewe tunaijua njia sahihi, na tunaitumia kila siku mahali pengine. Mtoto akirudi madrasa jioni, baba humwuliza, "Umefika wapi?" Mtoto hujibu, "Nimefika Suratul-Fajr." Baba humwambia, "Haya, soma nikusikie." Akikwama hurudishwa nyuma. Ustadhi naye humsikiliza kila mtoto peke yake, na hamruhusu kwenda aya ya mbele mpaka ile ya nyuma imekaa sawa. Mtoto akikosa madrasa siku mbili, ustadhi hutuma mtoto mwenzake kuuliza kulikoni. Kwa utaratibu huo, mtoto wa miaka minane anahifadhi sura kumi na sita.

Mtoto huyo huyo akirudi shuleni mchana, tunamwuliza, "Umekula?" Tunamwambia avue sare isichafuke. Basi. Hakuna anayemwuliza umefika wapi, hakuna anayesema soma nikusikie. Mtoto ana akili ya kutambua kile ambacho wakubwa wake wanakithamini na kile wasichokithamini. Ametusoma sisi kabla hajasoma tangazo la mlangoni.

Wako watakaosema, "Sisi hatukusoma. Tutamsaidiaje mtoto katika mambo tusiyoyajua?" Ndugu zetu, tumekwisha kutaja kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe hakuwa akisoma wala kuandika, na bado hakuna aliyesimamia elimu ya watoto kuliko yeye. Mama asiyejua herufi hata moja anaweza kumwambia mwanawe, "Fungua kitabu, weka kidole, nisomee." Masikio yake yatamwambia kama mtoto anatiririka au anabahatisha. Anaweza kumpa sarafu za mauzo ya gulio azihesabu na kumwambia chenji ni kiasi gani. Anaweza kuhesabu kurasa zilizoandikwa wiki hii na kuona kama zimeongezeka. Kusimamia si lazima kujua. Aliyeajiri fundi wa kujenga nyumba huenda hajui kupiga lipu, lakini kila jioni huja kutazama ukuta umefika wapi.

Haki ya mwalimu na wajibu wa serikali

Hatusemi haya ili kumbebesha mzazi mzigo wote. Kiwango kilichowekwa na serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Zipo shule ambazo mwalimu mmoja wa darasa la kwanza anasimama mbele ya watoto zaidi ya mara mbili ya hao, wengine wakikaa sakafuni. Hata malaika wa subira asingeweza kusahihisha madaftari mia kwa dakika thelathini. Ni haki yetu, na ni wajibu wetu, kulisema jambo hili katika mikutano ya kijiji na mtaa, mbele ya diwani na mbunge, kwa adabu na bila kuchoka. Kamati ya shule ina nafasi za wazazi. Ni wangapi kati yetu tunaosali safu ya kwanza tuliowahi kugombea nafasi hizo?

Lakini tukisubiri walimu wakamilike ndipo tuanze kuuliza, watoto waliopo sasa watakuwa wamekwisha kupita. Mihula yao haisubiri.

Tunayopendekeza

Kwa hiyo tunapendekeza kwa jamaa zetu mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mtu.

La kwanza, matayarisho ya sare, madaftari na penseli yafanywe wakati wa likizo, ili mtoto awe darasani siku ya kwanza. Maimamu wetu watusaidie kwa kutukumbusha tarehe ya kufunguliwa shule katika hotuba ya Ijumaa mbili kabla yake. Na ikiwa yupo ndugu asiyekuwa na uwezo wa sare, sanduku la msikiti lijue habari zake kabla ya siku hiyo, si baada ya wiki tatu.

La pili, kila siku mtoto aulizwe "Umefika wapi?" kuhusu shule kama anavyoulizwa kuhusu madrasa, na kila wiki mara moja mzazi atazame tarehe za daftari. Kazi hiyo haichukui zaidi ya robo saa.

La tatu, tumwone mwalimu mwezi wa kwanza wa muhula, tusingoje siku ya kufunga shule. Tumwulize jambo moja: mwanangu amekwama wapi? Mwalimu akiulizwa mapema na kwa heshima, atamkumbuka mtoto huyo kati ya mia.

La nne, siku ya gulio na siku ya harusi zitafutiwe njia nyingine. Wapo bibi, wapo majirani, wapo kina mama wa msikiti wanaoweza kupokezana kuwalea wadogo. Na tuseme wazi kuwa mzigo huu mara nyingi huwaangukia watoto wa kike. Hao nao ni amana.

La tano, ratiba za madrasa zisigongane na saa za shule. Ustadhi na mwalimu wa shule wanamlea mtoto mmoja. Haitakiwi mtoto achaniwe baina yao kama kitambaa.

La sita, tuutazame mwezi mtukufu kwa hekima. Mwaka 2025 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi, na kwa kuwa hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa miaka kadhaa ijayo itakuwa ndani ya muhula wa kwanza. Watoto wa madarasa ya chini hawajafaradhishiwa kufunga. Wakipenda kujizoesha, ni jambo jema, lakini walazwe mapema ili kuamshwa daku kusiwafanye wasinzie katika wiki ambazo herufi zinafundishwa.

La saba, na ndilo tunalolitilia mkazo zaidi, tufufue kumi za Badri. Katika kila msikiti wapo vijana wa kidato cha pili, cha nne, na waliomaliza shule ambao hukaa barazani baada ya Maghribi. Kila kijana mmoja akabidhiwe watoto kumi, wakae pembeni ya msikiti au katika chumba cha madrasa baina ya Maghribi na Isha, siku nne kwa wiki, kila mtoto asome kwa sauti kitabu chake cha shule akisikilizwa. Kijana asihesabiwe kuwa amemaliza kazi kwa kuhudhuria. Ahesabiwe amemaliza pale watoto wake kumi watakapoweza kusoma, kama walivyohesabiwa mateka wale.

Sisi tulianza muhula uliofuata, tukiwa na vijana watatu tu, na watoto ishirini na saba. Taa moja iliharibika wiki ya pili, na kijana mmoja alituacha akaenda mjini kutafuta kazi, ikabidi kumi wake wagawanywe kwa wenzake. Hatudai kuwa tumefanya jambo kubwa. Lakini mtoto yule wa darasa la tatu alikuwamo. Tulimrudisha kwenye irabu, mahali alipoachwa na msafara, akaona haya kukaa na watoto wa darasa la kwanza, kisha akazoea. Shuleni nako tulikwenda na baba yake, kama tulivyoahidi. Hatukwenda kugombana. Tulimkuta mwalimu mwanamke aliyechoka, naye alipoona tumeshika madaftari badala ya ripoti, alituletea kiti.

Siku moja kuelekea mwisho wa muhula, baba yake alichelewa kuzima simu, ikalia wakati wa kukimu sala. Baada ya sala mtoto alimshika mkono baba yake, akampeleka mlangoni, akaweka kidole chini ya tangazo, na akasoma polepole, silabi moja baada ya nyingine, maneno yote matatu. Baba alicheka huku macho yake yakilengalenga. Hakuuliza mtoto ameshika nafasi ya ngapi.

Ndugu zetu, muhula haurudi. Mwenyezi Mungu atatuuliza juu ya tulichokichunga, na watoto ni katika vya kwanza tulivyopewa kuvichunga. Basi usiku huu, kabla mtoto hajalala, kila mmoja wetu na afungue daftari moja la mwanawe, asome tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na amwulize kwa upole: umefika wapi? Mwenyezi Mungu awajalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape walimu wao nguvu na subira, na atujalie sisi wazazi tuwe wenye kuuliza mapema. Amin.

Wabillahi tawfiq.